Jinsi ya kutengeneza kitabu huria cha watoto kwa lugha ya kwenu, hatua kwa hatua (mimi nimefanya kwa Kidigo)

Binti wa dada yangu yuko gredi ya pili, siku moja akarudi nyumbani akasema mwalimu amewaambia kila mtu aje na hadithi fupi ya lugha ya nyumbani wasomeane darasani. Tukatafuta nyumba nzima. Kilichokuwepo kwa Kidigo ni kipande cha kalenda tu, na sisi ni Wadigo watupu, watu wa pwani ya Kwale, kuanzia nyanya mpaka huyo mtoto. Mwisho nyanya akamsimulia hadithi kwa mdomo, mimi nikaiandika kwenye daftari kwa kalamu, mtoto akaenda nayo shule. Tangu siku hiyo ndo nikaanza kuuliza uliza vitabu vya watoto vya lugha zetu vinatengenezwaje na kama mtu wa kawaida mwenye simu anaweza, na jibu ni kwamba anaweza kabisa, tena bila kuomba pesa kwa mtu. Naandika hapa vile nilivyofanya ili mwenye Kiduruma, Kipokomo, Kitaveta, Kizigua, Kibondei, yeyote yule, asianze kutoka sifuri kama mimi.

Kwanza tuelewane hiki "huria" ni nini. UNESCO walianza kulitumia neno la nyenzo huria za elimu mwaka 2002, na 2019 nchi wanachama wakapitisha pendekezo rasmi juu yake, lakini kwa lugha ya mtaani maana yake ni kitabu au somo ambalo mwenyewe ameshatoa ruhusa kwa maandishi kwamba chukua, nakili, tafsiri, badilisha, gawa. Bure peke yake haitoshi. Kuna vitabu chungu nzima vya bure kwenye intaneti ambavyo huruhusiwi kuvigusa, unasoma tu basi. Ruhusa ya kubadilisha ndo roho ya jambo lenyewe, na mbele utaona kwa nini.

Usianze kwa kuandika hadithi mpya. Najua kila mtu ana hadithi yake kichwani na ni nzuri, lakini kitabu cha mtoto kinataka picha, na picha ndo kazi ngumu na ndo inakula pesa. Anza kwa kutafsiri kitabu ambacho tayari kina picha na kina leseni huria. Vya kwako vitafuata ukishajua njia.

Sehemu za kuvipata ni tatu ambazo mimi nazitumia. African Storybook, hii iko chini ya shirika la Saide la Johannesburg, ilizinduliwa 2014 na tangu mwanzo Kenya ilikuwemo, kwa hiyo utakuta hadithi nyingi zina mazingira yetu, mbuzi, kisima, matatu, shamba la mahindi. Ya pili StoryWeaver ya Pratham Books wa India, ilianza 2015, picha zao ni nzuri mno ila hadithi nyingine ni za kwao, sari na treni, inabidi uchague. Ya tatu ni Bloom ya SIL, shirika la mambo ya lugha, hii ni programu unaiweka kwenye laptopu ya Windows na ina maktaba yake ya vitabu. Zote hazina malipo.

Raha kubwa ni kwamba African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi ambazo zishawekwa kwa Kiswahili. Huhitaji kujua Kiingereza kuanza hii kazi. Tena mimi nasema bora uanzie Kiswahili hata kama Kiingereza unakijua, maana Kiswahili na lugha zetu hizi ni ndugu, sentensi inakaa karibu karibu, ukianzia Kiingereza utajikuta unavuta maneno yakae mahali ambapo hayakai.

Kabla ya kuchagua, angalia kama lugha yenu ishaingia. Tafuta kwa majina yote, maana mtu mmoja ameandika Digo, mwingine Kidigo, mwingine Chidigo, ukitafuta moja utadhani hakuna kumbe kipo. Kuna pia herufi tatu za utambulisho wa kila lugha, hizi zinatumika dunia nzima, Kidigo ni dig, Kiduruma ni dug, Kigiriama ni nyf. Ya lugha yenu tafuta uiandike mahali, utaulizwa. Na kama lugha haipo kwenye orodha ya hiyo tovuti usikate tamaa, kuna sehemu ya kuwaandikia waiongeze, na wanaongeza.

Sasa chagua kitabu kidogo. Kidogo kweli. StoryWeaver wamepanga kwa ngazi, ngazi ya kwanza haizidi maneno 250 kitabu kizima, ya pili mpaka 600, ya tatu mpaka 1500. Chukua ya kwanza. Nimeona watu wanaanza na hadithi ndefu ya ngazi ya nne kwa vile ni tamu, wanafika katikati wanachoka, mwaka unaisha faili iko kwenye simu.

Hapa kwenye leseni naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Kitabu changu cha kwanza kabisa nilikitoa kwenye PDF ambayo mtu aliituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Kizuri, picha za rangi, nikakipenda. Nikakaa nacho wiki mbili jioni jioni nikitoka kazini, nikatafsiri ukurasa kwa ukurasa, nikamaliza, alafu ndo nikakumbuka kuwaandikia wenyewe. Wakajibu kwa heshima lakini jibu lilikuwa hapana, picha si zao peke yao, mchoraji aliuza haki ya toleo moja tu. Wiki mbili zikaenda na maji. Si kosa lao, ni mimi sikugeuza ukurasa wa mwisho kuangalia pale chini pameandikwa nini.

Kwa hiyo kabla hujatafsiri hata neno moja, nenda ukurasa wa mwisho au wa pili wa kitabu utafute leseni. Vitabu huria vingi vinatumia leseni za Creative Commons, kwa kifupi CC, hizi zilianza kutoka 2002, na ziko sita zinazotengenezwa kwa kuchanganya herufi chache. BY maana yake lazima utaje mwenyewe. SA maana yake ukibadilisha, kazi yako nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo. NC maana yake usifanye biashara nayo. ND maana yake usigawe ukiwa umebadilisha. Hiyo ND ndo ya kukimbia, kwa sababu kutafsiri ni kubadilisha. Ukiona ND kitabu hicho kwako ni cha kusoma na kunakili kama kilivyo, usipoteze jioni zako, au mwandikie mwenyewe kwanza usubiri jibu la maandishi.

Ukiona CC BY peke yake, shangilia, fanya chochote mradi utaje majina. StoryWeaver hutoa CC BY. African Storybook utakuta CC BY na nyingine CC BY-NC, hiyo nayo si tatizo kama unagawia watoto bure. Jambo moja linawachanganya watu: usichanganye hadithi yenye BY-SA na picha zenye BY-NC ukazifanya kitabu kimoja, hizo mbili hazikai chungu kimoja, moja inasema toa kwa masharti haya haya, nyingine inaongeza sharti la kutouza. Na kumbuka picha na maandishi vinaweza kuwa na leseni tofauti ndani ya kitabu kimoja, kwa hiyo soma yote mawili.

Ukurasa wa majina andika mapema, usingoje mwisho, maana mwisho utakuwa ushasahau nani alichora. Mimi naandika hivi: jina la hadithi asili, nani ameandika, nani amechora, imetolewa na nani na linki yake, leseni gani na namba yake kama 4.0, alafu chini yake nani ametafsiri kwa Kidigo, na mstari mmoja wa mabadiliko, kwa mfano "jina la msichana limebadilishwa na sentensi moja imeongezwa ukurasa wa 3". Huo mstari wa mabadiliko watu wengi wanauruka na si sawa, leseni yenyewe inataka useme kama umebadilisha.

Na leseni ya kazi yako? Kama kitabu asili ni CC BY basi na wewe toa CC BY. Najua kuna woga, mtu anasema nikiachia hivo mwingine atauza jasho langu. Mimi naona hivi, lugha yetu shida yake si watu kuuza vitabu vyake, shida ni kwamba hakuna vitabu. Mtu akichapisha Kidigo akauza sokoni Kwale au Ukunda kwa bei ya chai, si ndo mtoto amepata kitabu? Ila ujue, leseni hizi ukishatoa huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kuchukua, kwa hiyo uamue ukiwa umetulia.

Upande wa tahajia. Hapa kila mtu anajiona fundi kwa vile anaiongea lugha toka tumboni, lakini kuongea na kuandika ni mambo mawili. Usibuni tahajia yako. Tafuta kilichokwisha kuandikwa, kwa lugha nyingi kuna tafsiri ya Biblia, kuna kamusi, kuna nyimbo, na wewe hata kama si wa dini hiyo chukua herufi zao, watu walikaa miaka kuzipanga. Kidigo kina kamusi yake ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 2004, mimi ndo naitegemea. Kidigo tunaandika ph kwa ile sauti laini ya midomo ambayo Kiswahili hakina, tunaandika dz kama kwenye madzi, na ile "kwa" ya Kiswahili kwetu inaandikwa kpwa. Mtoto aliyezoea vitabu vya Kiswahili akiona kpwa mara ya kwanza anashangaa, akiiona mara tano anaizoea, lakini ukimwandikia leo kpwa kesho kwa, hatazoea kamwe.

Alafu zima ile kitu ya simu kusahihisha maneno yenyewe. Zima kabisa, nenda kwenye mipangilio ya kibodi uitoe. Nieleze kilichotokea. Kulikuwa na ukurasa mama anamwambia mtoto "sagala phapha", yaani keti hapa. Simu ikaona phapha ni kosa, ikaandika papa. Sikuona. Nikachapisha nakala 20, nikazipeleka, na mtoto mmoja anasoma kwa sauti anafika pale anasimama anatazama picha juu chini, ananiuliza papa yuko wapi. Anatafuta samaki! Mama kamwambia mwanawe keti papa. Nakala 20 zote nilizirudisha nikakata karatasi ndogo ndogo zenye neno sahihi nikabandika moja moja kwa gundi. Toka siku hiyo kila kitabu nikimaliza natafuta neno kwa neno yale ambayo najua simu inapenda kuyageuza.

Kama lugha yenu ina herufi zenye alama, kama Kikamba na Kikuyu na zile ĩ na ũ zao, bonyeza herufi i kwa muda kwenye simu mpaka zitoke nyingine uchague, ama kwenye kompyuta weka Keyman, ni ya bure na ina kibodi za lugha nyingi mno. Usiandike i kavu ukasema wataelewa. Hizo alama zinabeba sauti, mtoto anayejifunza hana pa kubahatisha.

Haya, kutafsiri kwenyewe. Njia yangu ni hii, na nimeijaribu nyingine zote nikairudia hii: soma ukurasa wa Kiswahili, funga kitabu, alafu useme kwa sauti vile ungemwambia mtoto aliye mbele yako, ujirekodi kwenye simu, ndo uandike ulichosema. Ukiandika huku unatazama Kiswahili utatoa Kiswahili kilichovaa nguo za Kidigo. Mfano mdogo tu, Kiswahili kinasimulia kwa ka, akaenda, akasema. Kidigo kinasimulia kwa chi, achiphiya, achiamba. Nilipotafsiri huku natazama niliweka kila mahali hali nyingine ya wakati kwa vile nilikuwa nafuata neno kwa neno, na sentensi zote zilikuwa sahihi moja moja, lakini ukizisoma pamoja si hadithi, ni ripoti. Nilipofunga kitabu nikasimulia kwa mdomo, chi zikaja zenyewe bila kuitwa.

Ukishapata rasimu usimpelekee mwalimu kwanza. Mpelekee mzee ambaye hasomi. Mimi nilikaa na nyanya yangu barazani saa za alasiri, anachambua mchicha, nikamsomea. Nikaanza, siku moja palikuwa na msichana mmoja. Akanisimamisha hapo hapo, hata sentensi ya pili sijafika. "Mwana wa nani?" Nikamwambia kitabu hakisemi. Akaweka mchicha chini. Akasema hadithi haiwezi kuanza na mtoto asiye na kwao, sisi tutamhurumiaje akipotea njiani kama hatujui nani atamtafuta? Alikuwa kweli hataki niendelee mpaka nimpe mtoto mzazi. Nikatazama picha ukurasa ule, nyuma ya msichana kuna mashua imetiwa pwani. Nikasema mwana wa mvuvi. Akachukua mchicha wake, akasema haya, endelea.

Ile sentensi ya "mwana wa mvuvi" haimo kwenye kitabu asili na iko kwenye Kidigo, na niliweza kuiweka kwa sababu leseni ilikuwa CC BY. Ingekuwa ND ningemjibu nini nyanya? Ndo maana nikasema pale juu ruhusa ya kubadilisha ndo roho. Kitabu ambacho huwezi kukibadilisha huwezi kukileta barazani, utakisoma vile walivyokuletea na wasikilizaji watakuwa na heshima tu, wananyamaza mpaka umalize.

Lakini ukibadilisha uiheshimu picha. Kama picha ina tufaha jekundu usiandike embe, mtoto anasoma picha kabla ya neno na atakuona muongo. Tafuta hadithi nyingine yenye embe.

Kuhusu maneno ya kisasa, shule, simu, kompyuta, usijitese kuyabunia. Kama watu wa kwenu wanasema simu, andika simu kwa tahajia ya kwenu. Kuna wenzetu wanadhani kitabu cha lugha ya mama lazima kiwe na maneno ambayo hata mama hayajui. Upande mwingine yapo maneno ya zamani ya mimea, ya samaki, ya vyombo vya nyumbani, ambayo vijana hatuyajui tena na wazee wanayo, hayo weka kwa makusudi moja moja hasa kama picha inamuonyesha mtoto kitu chenyewe.

Baada ya mzee, mtoto. Na hapa kuna sheria moja ngumu: mpe mtoto asome yeye, na wewe ufunge mdomo. Usimsaidie. Shika penseli, kila anapokwama weka nukta chini ya neno. Watoto watatu wakikwama neno moja, tatizo ni neno au sentensi ni ndefu, katikati ikate. Kwangu sentensi iliyozidi maneno manane kwa mtoto wa gredi ya kwanza naivunja mbili.

Sasa kuingiza. Kwenye African Storybook na StoryWeaver unafungua akaunti kwa emaili, unatafuta ile hadithi uliyochagua, unabonyeza sehemu ya kutafsiri, unachagua lugha yenu, unaandika chini ya kila picha ukurasa kwa ukurasa. Ushauri wangu usiandikie hapo moja kwa moja, mtandao ukikatika utalia. Andika kwanza kwenye simu yako au daftari, namba ya ukurasa pembeni, alafu nakili ubandike. Kabla ya kubonyeza kuchapisha angalia kava, jina la hadithi na ukurasa wa majina, maana kosa la kava ndo la kwanza kuonekana. Na umpe mtu mwingine asome kwenye skrini yake, macho yako yashachoka hayaoni tena.

Bloom inataka laptopu lakini ina jambo moja ambalo limenifanya niipende kuliko zote, sauti. Unarekodi kila sentensi, na mtoto akifungua kitabu kwenye simu ya Android kwa Bloom Reader, sentensi inayosomwa inawaka rangi huku sauti inasema. Kwa lugha ambayo mtoto anaisikia nyumbani lakini hajawahi kuiona imeandikwa, hii inafungua macho. Nimekaa na mtoto akaona phapha inawaka huku sauti ya nyanya inasema phapha, akaigusa tena, akaigusa tena.

Kurekodi si lazima studio. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule tupu, nguo zinakula mwangwi. Simu iwe karibu shibiri moja na mdomo lakini pembeni kidogo ili pumzi ya p na ph isigonge. Zima feni. Sisi tulirekodi usiku baada ya saa nne maana mchana kuna kuku, bodaboda na watoto. Rekodi ukurasa mmoja faili moja, uipe namba, nyanya akikosea mstari unarudia ukurasa huo tu si kitabu kizima, mzee hachoki. Na kabla hujarekodi mwambie wazi kabisa sauti hii itakwenda kwa watu wasiomjua na haitarudi, akikubali muulize jina lake liandikwe au lisiandikwe. Vivyo hivyo ukichukua hadithi yake yeye. Kuna hadithi na nyimbo nyingine za kwetu si za kila mtu wala kila mahali, za ndani ya kaya hasa, ile misitu yetu mitakatifu, hizo mwenyewe akisema hapana basi ni hapana na usimbembeleze.

Kuchapisha karatasi. Shule nyingi za kwetu vijijini mtoto hana simu, kwa hiyo karatasi bado ndo mfalme. Hesabu ya kurasa iwe inagawanyika kwa nne, 8, 12 au 16, kwa sababu karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa nne. Kitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi nne, rimu moja ya karatasi 500 inatoa vitabu 125. Ukienda saiba mwambie anachapa kijitabu, pande mbili, na karatasi igeuzwe kwa ubavu mfupi, asipoigeuza hivo ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini. Toa nakala moja kwanza, ikunje, ifungue yote, ndo umwambie aendelee. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, uliza ile ya mkono mrefu, au ushone kwa sindano na uzi mnene, matundu matatu yanatosha na inadumu kuliko pini. Rangi ni ghali, picha za mistari myeusi zinatoka vizuri bila rangi, lakini zile za rangi za maji zinatoka tope, chagua hadithi ukilijua hilo.

Kama shule ina laptopu moja nzee na haina intaneti, ulizia Kolibri ya Learning Equality, unaijaza mahali penye mtandao alafu shuleni inafanya kazi bila mtandao, na maktaba za African Storybook na StoryWeaver zimo ndani yake. Vitabu vya Bloom vinapita simu kwa simu bila kula bando.

Kwa walimu wa Kenya, mnajua mtaala wa sasa una somo la lugha za asili kuanzia gredi ya kwanza mpaka ya tatu, na katiba ya 2010 kifungu cha 7 kinasema dola itakuza lugha za asili. Kwa hiyo mzazi akikuuliza kwa nini mtoto wake anasoma Kidigo una jibu. Ila kitabu kama hiki ni cha ziada, cha kona ya kusoma na cha kwenda nacho nyumbani, kikitakiwa kiwe kitabu rasmi cha kufundishia kuna utaratibu wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, wa kukikagua, ni safari nyingine na tusiwadanganye watu. Wenzetu wa Tanzania shule za msingi nyingi ni kwa Kiswahili, hapo vitabu hivi vinakaa nyumbani na kwa bibi, navyo vinafanya kazi.

Na hao wenzetu ndo wamenifundisha hatua ya mwisho. Wadigo tuko pande mbili za mpaka, Kwale huku na Tanga kule, na mtu mmoja wa upande wa Tanga alikisoma kitabu changu akasema maneno mawili matatu kwao hawayasemi hivo. Nilitaka kubishana. Alafu nikamtumia faili yenyewe, si PDF, faili inayobadilishika, nikamwambia weka ya kwenu, taja kwamba umetoa kwangu. Akafanya kwa jioni moja. Sasa vipo viwili, na mtoto wa kule hakwami. Kwa hiyo ukimaliza cha kwenu hifadhi hiyo faili mahali mbili, kwenye emaili na kwenye memori kadi, pamoja na sauti ambazo hazijakatwa, na pale kwenye ukurasa wa majina andika jinsi ya kuipata. Mimi ya nyanya iko, na ile ya mwana wa mvuvi mtu wa Tanga amembadilisha kawa mwana wa mkulima wa minazi kwa vile kwao picha ya mashua ilikatwa kwenye uchapaji, nikamsomea nyanya hiyo pia, akauliza tu mnazi wa nani.